Sauti ya Douanier

Mvua ilikuwa inakatika pale mwanamke mmoja wa kikundi cha sala alipoingia kwenye ua wa Phinées, akafunga mwavuli wake na kuuinua juu ili aukung'ute maji. Mbwa alitoka chini ya ngazi za jikoni bila kubweka, bila hata kuunguruma, akamng'ata kwenye shavu la mguu. Mwanamke aliangalia chini kwanza, kama mtu aliyekanyaga msumari. Yowe lilikuja baadaye.

Vagheni alikuwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alitupa mchi, akakimbia, akapiga magoti kwenye matope na kushika taya za mbwa kwa mikono miwili.

"Douanier, acha. Acha, baba. Acha."

Mbwa akaachia. Alikuwa na damu kwenye meno na mkia wake umeingia katikati ya miguu. Alikuwa anatetemeka kuliko yule aliyemuuma.

Wanawake wengine sita, waliokuwa wameshakaa ndani na vikombe vya chai, walitoka wakajaa kwenye baraza. Mwenye nyumba, Émérance, mke wa Phinées, alisimama mbele yao na kitenge chake kipya cha Jumapili. Aligeukia wageni.

"Mutusamehe, bamama. Haiko imbwa yetu. Ni ya bale badéplacés benye kukaa ku annexe."

Vagheni alisikia. Miezi saba alikuwa amekaa katika kile chumba cha nyuma yeye na binti yake Rébecca, na kwa miezi saba yote hiyo katika nyumba hiyo alikuwa akiitwa Mama Rébecca, au muke wa ndugu yetu, kwa sababu marehemu mume wake alikuwa mdogo wa Phinées, tumbo moja. Leo alikuwa mmoja wa badéplacés, wakimbizi wa vita. Aliinama, akaendelea kumshika mbwa mdomo, ingawa mbwa hakuwa na sauti yoyote ya kuzuiwa.

Phinées alirudi jioni kutoka dukani kwake, ambako aliuza simenti na mabati yaliyopitia mpakani Kasindi. Hakuwa mtu mbaya. Watu wa Butembo walimjua kama mtu anayelipa. Alikuwa ameshalipa pikipiki ya kumpeleka yule mwanamke aliyeumwa hospitali, na sindano ya kwanza ya kuzuia kichaa cha mbwa, na alijua nyingine zinafuata. Alisimama mlangoni mwa annexe, hakuingia.

"Kesho asubui unaipeleka kwa vétérinaire," alisema. "Na hairudi hapa tena."

"Shemeki, ni imbwa ya ndugu yako. Ni yeye aliikamata ingali kadogo, akaileta na mikono yake kutoka Kasindi."

"Najua." Phinées alikuwa anaangalia viatu vyake. "Ndugu yangu alikufa, Mama Rébecca. Imbwa haikufa. Miye nitafanya je?"

* * *

Ofisi ya vétérinaire, daktari wa mifugo, ilikuwa vyumba viwili vyenye mabati yaliyoshika kutu, na nyuma yake kiwanja kidogo chenye uzio wa mbao na minyororo mitatu iliyofungwa kwenye nguzo. Mkuu wake, Octave, alikuwa mtu wa Kananga. Serikali ilikuwa imemtuma huku miaka kumi na miwili iliyopita na ilionekana imesahau kumwita arudi. Mshahara wake ulikuja ulipotaka. Alichukua karatasi, akaanza kuandika.

"Adresse?"

"Andika kwa Phinées, ku simenti."

"Ile ni yake. Ya weye?"

Vagheni alitazama kalamu yake. Octave akaacha nafasi ile wazi.

"Profession?"

"Mulimaji. Kakao."

"Shamba iko wapi?"

"Ngambo ya Beni."

"Banalima sasa kule?"

"Hapana."

Octave alifikiri kidogo, kisha akaandika neno moja la Kifaransa. Vagheni alikuwa amesoma hadi darasa la sita, na aliliona: *néant*. Hakuna.

Alimweleza sheria. Mbwa aliyeuma mtu anawekwa siku kumi. Kama ana kichaa, kitajionyesha ndani ya siku hizo. Akimaliza siku kumi ni mzima, basi hana. Lakini wakubwa wa mtaa walikuwa wamekwisha kupiga simu: mbwa huyo asirudi bila mtu mwenye uzio wake mwenyewe na jina lake mwenyewe la kumjibia.

"Donc utafuta mutu mwenye lupango. Siku kumi."

"Na nikikosa?"

Octave aliangalia kabati la kioo, ambako mabomba ya sindano yalikuwa yamepangwa kwenye sahani ya chuma. Kisha akatoka kumfunga mbwa, akamzunguka polepole, na baada ya muda akauliza: "Mbona haibweki? Imbwa yote ikifungwa kwa mugeni inabweka."

"Ilikuwa nabweka. Ile jina Douanier, mutu wa forodha, bwana yangu aliipatia juu hapana mutu alikuwa napita pa mulango bila kusimamishwa. Hata padri."

Octave alicheka. Vagheni naye alikaribia kucheka, kisha kicheko kikakatika, akamwambia yaliyobaki kwa maneno machache, akiwa anaangalia mnyororo.

Usiku waliposhambuliwa, walijificha watu kumi na mmoja chini ya mikakao. Mume wake alikuwa amebaki uani, na walijua amebaki kwa namna gani. Wenye panga walikuwa bado njiani, walisikika wakiongea na kucheka. Mbwa alivimba koo, anataka kubweka. Jirani mmoja, mtu aliyekuwa akisaidiana nao mavuno kila mwaka, alimwambia Vagheni kwenye sikio: ni imbwa ao ni siye. Vagheni akavua kilemba chake, akafunga mdomo wa mbwa. Kila koo lilipovimba tena, alimpiga kwenye pua kwa ngumi. Alifanya hivyo siku tatu, bila kulala. Siku ya nne askari walikuja wakasema tokeni. Alifungua kilemba. Mbwa akafungua mdomo wake wote, shingo ikajinyoosha mbele, na hakikutoka kitu.

"Miye ndiye niliiharibisha, Dokta."

Octave alifuta miwani yake na shati. "Na inauma banani?"

"Mwenye kuinua mukono na kitu. Panga, fimbo. Jana ni parapluie."

* * *

Kila asubuhi Vagheni alimpelekea mbwa bugali iliyobaki na vichwa vya fretin, samaki wadogo, ndani ya mfuko wa plastiki. Alikaa naye kidogo. Kisha akaanza kupanda na kushuka vilima vya Butembo akipiga hodi kwenye milango ya watu wenye uzio. Alijifunza kuanza na sifa: ni dume, ana nguvu, halii ovyo, hali kuku. Alijifunza pia kwamba swali lilikuwa moja tu, na lilikuja haraka.

"Inabweka?"

Mfanyakazi wa nyumba moja ya mapadri alimwambia wanao mbwa wawili, na hao wanabweka hadi wanaharibu misa. Fundi wa matofali alimuuliza kama anauza kwa kilo, na wenzake wakacheka. Mke wa afisa mmoja alimsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, akampa maji, kisha akasema: "Mama, imbwa yenye haibweki na inauma, ile haiko imbwa. Ni nyoka."

Alimpigia simu shangazi yake wa Beni. Alikuwa na unité za dakika mbili.

"Imbwa?" shangazi alisema. "Vagheni, tuko batu kumi na tisa mu nyumba ya vyumba tatu. Bengine banalala ku baraza. Jana bengine banne bameingia kutoka Mbau. Na weye unaniletea imbwa?"

"Hapana ya kukaa nayo mu nyumba, shangazi. Ya kufunga inje tu."

"Inje ndiko balipo batu," shangazi alisema, na unité zikaisha.

Siku ya sita Octave alimletea mtu kutoka kijiji cha Kipese, mzee mwenye kondoo, aliyeibiwa wanyama wanne tangu Krismasi. Vagheni alimpenda mara alipomwona. Alikuwa na koti zito la watu wa milimani na aliongea Kinande kile cha zamani alichoongea baba yake. Mzee alichuchumaa, akamtazama mbwa miguu, meno, masikio. Aliridhika. Kisha, kama mchungaji yeyote, akainua fimbo yake kuona mbwa atafanya nini.

Mnyororo ulimshika Douanier hewani. Meno yaligongana umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye koti. Mzee aliketi chini kwenye matope, uso umekuwa kama majivu.

"Haikuniambia kitu," alisema. "Kondoo zangu ziko na batoto benye kuzichunga. Na bale batoto bako na fimbo."

Alijipangusa, akamuaga Vagheni kwa upole, akaenda.

* * *

Wakati huo huo mambo mengine yalikuwa yanasogea katika nyumba ya Phinées, bila mtu kutangaza. Muhula ulikuwa umeanza. Watoto wawili wa Émérance walitoka asubuhi na sare zao. Rébecca, mwenye miaka kumi na mitano, aliyekuwa wa tatu darasani muhula uliopita, hakutoka. Jumatatu Émérance alimwambia abaki kidogo kusaidia. Jumanne hakumwambia kitu, alimwachia ndoo tu. Siku ya saba Vagheni alijitia nguvu, akamfuata jikoni.

"Mama Émérance, mutoto anauliza juu ya masomo."

Émérance alikuwa anachambua maharage. Hakupandisha sauti.

"Minerval yake, feza ya masomo, ndiyo ile sindano ya mugeni wangu, Mama Rébecca. Tano. Phinées haiko benki. Na weye unashinda inje kila siku unatafutia imbwa nyumba. Kazi ya hapa ni nani atafanya?"

Hakukuwa na uongo katika maneno hayo. Alirudi annexe. Rébecca alikuwa amekaa kwenye kitanda, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Ulimuomba?"

"Nilimuomba."

"Akasema?"

Mama yake alianza kukunja kitenge kilichokuwa kimeshakunjwa.

"Ile imbwa imekula masomo yangu," Rébecca alisema. "Acha Dokta aipige ile sindano, Mama. Iishe. Utawambia baiue, Mama Émérance atatulia, kesho kutwa nitarudi ku masomo."

"Rébecca. Ni imbwa ya baba yako."

"Na miye niko wa nani?"

Vagheni alinyoosha mkono amguse bega. Msichana akausogeza mwili wake, si kwa hasira, bali kama mtu anayempisha mwingine apite.

Siku ile mama hakwenda kuomba mahali popote. Alikwenda moja kwa moja kwa Octave kumwambia afanye kazi yake, asingoje siku ya kumi. Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Alipofika, Octave alimtangulia.

"Nilipata mutu," alisema. "Lakini usicheke kwanza."

* * *

Patron Ésaïe alikuwa na dépôt, ghala kubwa la mazao, kwenye njia ya kutokea kwenda Beni, ukuta wa matofali na geti la chuma. Wiki mbili mfululizo wezi walikuwa wameruka ukuta wakatoa magunia. Sentinelle wake, mlinzi wa usiku, alikuwa ameamka asubuhi hana viatu. Kwa hiyo Jumamosi, siku ya kumi ilipoisha na karatasi ya Octave ikasema mbwa hana kichaa, walimpeleka Douanier pale na mnyororo, Octave mbele, Vagheni pembeni, mkono wake juu ya shingo ya mbwa.

Alisikia harufu kabla hawajafika getini. Ilikuwa kakao. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi karibu na bati, na vijana wanne walikuwa wanapima kwenye mizani. Vagheni aliinama akaokota punje moja iliyoanguka, akaipasua kwa ukucha. Ndani ilikuwa ya zambarau, ngumu. Haikuwa imechachushwa siku zake. Ilikuwa imechumwa haraka, kabla haijaiva, na mtu asiyekuwa na haja ya kungoja. Mwenye mti hafanyi hivyo.

"Hii inatoka wapi, Patron?"

"Beni, kule juu."

"Kule hapana mulimaji."

"Miye nanunua kwa mwenye kuleta, mama," Ésaïe alisema bila ubaya. "Siulizi mutu shamba yake." Akamgeukia Octave. "Tuone."

Kijana mmoja aliinua ubao. Douanier aliruka, mnyororo ukakaza, Octave akavutwa hatua mbili. Ubao ulianguka. Wapimaji walipiga makofi. Ésaïe alitabasamu kwa mara ya kwanza, akangoja, kisha tabasamu likapungua.

"Na sauti?"

"Sauti haina," Octave alisema.

"Dokta, unanichezea. Ikikamata mwizi mu hii ukuta, nani atanijulisha? Nitafungua asubui, nitakuta mutu ya watu amekufa juu ya kakao yangu. Nitaenda ku parquet, kwa bale ba mashitaka, kueleza nini?"

Octave alifungua mikono. Vagheni alikuwa ameshaanza kumgeuza mbwa waende. Ésaïe alikuwa bado anamtazama mbwa, kisha akamtazama yeye aliyeushika mnyororo, jinsi mbwa alivyokuwa ametulia kwenye paja lake.

"Hii mama ndiye anaijua?"

"Ni yake."

"Anakaa wapi?"

Octave alisita. "Kwa shemeki yake. Ku annexe."

"Basi mbona munanisumbua na mambo iko rahisi? Bakae hapa bote mbili. Kuna chumba nyuma ya mizani. Imbwa itauma, mama atapiga kelele. Sentinelle nilimufukuza. Nitamupatia nusu ya ile yake, juu ni mwanamuke, na imbwa nitailisha miye."

"Patron," Octave alisema polepole, "huyu ni mutu."

"Nani alisema hapana? Nalipa imbwa?"

Wapimaji walicheka kidogo, kisha wakaacha. Vagheni alisema jambo moja.

"Niko na mutoto. Binti."

"Batoto hapana, mama. Dépôt haiko nyumba." Ésaïe aliangalia saa yake. "Lakini nisikie kwanza. Kama na weye hauna sauti, tunabakia palepale. Piga kelele. Sema kuna mwizi."

Vagheni alitazama geti, magunia, vijana wanne waliosimama na mikono kwenye viuno. Alifungua mdomo. Neno lilitoka, lakini lilitoka kama la mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

"Haifiki hata ku mizani," Ésaïe alisema.

Alijaribu tena. Mmoja wa vijana alifunika mdomo wake asicheke. Octave alikuwa amegeuka upande, anasoma maandishi kwenye gunia.

Mara ya tatu hakusema mwizi, hakusema neno lolote. Sauti ilimtoka tumboni, ikapanda, ikapiga mabati, ikarudi, na yeye mwenyewe akashangaa kwamba bado inaendelea. Mizani ilisimama. Njiani nje mtu wa chikudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, alisimamisha mzigo wake akachungulia getini. Na Douanier, kwa miguu yake yote minne, alilala chini kwenye vumbi la kakao, akaingiza pua yake katikati ya magunia mawili na kuifunika kwa makucha, kama aliyejua ngumi inakuja.

Vagheni alinyamaza. Alikuwa anapumua kwa shida. Alitaka kuinama amwambie mbwa ni bure, hakuna kitu, lakini Ésaïe alikuwa ameshaanza kuongea.

"Muzuri sana," alisema. "Muzuri kabisa. Utaanza leo."

* * *

Phinées alifurahi, na furaha yake haikuwa ya unafiki. Alimtolea godoro jembamba na blanketi, akasema kazi ni kazi, kuna wanaume Butembo hawana hata hiyo. Émérance alimfungia unga na sabuni kwenye mfuko.

"Rébecca atabakia na siye," alisema. "Usihangaike. Naye tunaelewana. Ukipata pesa, mwaka mwingine tutaona mambo ya masomo."

"Wasingya," Vagheni alisema. Aliwashukuru wote wawili, kwa zamu, kama inavyotakiwa.

Rébecca alikuwa annexe anapiga pasi. Meza ilikuwa imejaa mashati meupe ya watoto wa Émérance, ya Jumatatu. Hakugeuka mama yake alipoingia.

"Imbwa ilipata nyumba?"

"Ilipata."

"Wapi?"

"Ku dépôt moja, njia ya Beni. Kuna ukuta. Kuna chumba. Balitupatia chumba."

Mkono wa Rébecca ulisimama. "Balitupatia? Siye banani?"

Vagheni alikuwa ameshika sufuria yao moja, anatafuta mahali pa kuiweka ndani ya mfuko. Aliiweka, akaitoa, akaiacha juu ya kitanda ibaki.

"Miye na Douanier," alisema.

Msichana hakulia. Alirudisha pasi kwenye shati, akanyoosha kola, akaigeuza, akainyoosha upande wa pili. Makaa yalipiga cheche ndogo. Vagheni alitaka kusema kwamba dépôt si mbali, kwamba Jumapili atakuja, kwamba siku ya saba alikuwa amekwenda kule kwa Octave akiwa ameamua vingine. Koo lake lilikuwa linauma kwa ile kelele. Kabla hajapata la kuanza nalo, sauti ya Émérance ilitoka ndani ya nyumba, si kali, ya kawaida tu: maji yameisha.

Rébecca alingoja kidogo, labda mama yake atasema kitu.

"Enda," Vagheni alisema. "Banakuita."